Sauti ya Pili Kwenye Wimbo wa Klara

Loveness ni dada wa mume wangu, kwa hiyo ananiita wifi nami namwita wifi. Watu wa mtandaoni wanamjua kwa mikono tu, uso wake hajawahi kuuonyesha. Video zake ni mikono inayomenya viazi vitamu, inakata michembe, vile vipande vyembamba vya kukausha, inaianika kwenye jabali lililo nyuma ya nyumba yetu hapa Ushirombo, kesho yake inaigeuza. Kwenye kiganja cha kushoto ana kovu la mafuta ya moto alilolipata machimboni. Watu huandika chini ya video, "Mama wa kovu, leo umechelewa," naye anafurahi kama kaitwa jina lake.

Machimboni alikaa miaka tisa akiwapikia wachimbaji. Maisha ya kule hapendi kuyasimulia, na mimi simchimbi. Kitu kimoja alinisimulia mara moja tu, tunapepeta karanga, na hakuniangalia usoni. Alisema kule Namba Tisa, ndilo jina la machimbo yale, alikuwa anahesabu sahani. Asubuhi moja alipakua sahani ishirini na sita, watu wakala, wakashuka kwenye maduara, yaani yale mashimo yao. Jioni akapakua tena ishirini na sita. Zikachukuliwa ishirini na mbili. Nne zikabaki mezani na chakula chake mpaka ugali ukaota ngozi. Duara lilikuwa limefukia watu. Watatu walitolewa baada ya siku mbili, wa nne hakupatikana. Huyo aliitwa Amosi. Mwezi ule ule Loveness alifunga masufuria yake akarudi nyumbani, na akaapa kwamba hatapika tena chakula cha mtu anayeshuka chini ya ardhi.

Ukurasa wake wa video ndio unaomzuia asirudi huko. Aliuanza mwaka juzi kwa simu yenye kioo kilichopasuka, mimi nikimshikia huku nina mimba ya mwanangu Nelly. Watu walipozidi elfu thelathini wakaanza kuagiza michembe kutoka Mwanza, Dodoma, Dar es Salaam, hata mmoja Muscat. Alichofanya kabla ya hapo ni kupika machimboni, na akiupoteza ukurasa hana kwingine pa kwenda isipokuwa huko huko. Ndiyo maana lilipokuja onyo la kwanza la wenye mtandao, kuhusu muziki, alikosa usingizi, na la pili likamkosesha hamu ya kula.

Onyo la kwanza nilikubali kwamba ni kosa letu. Tuliweka wimbo wa msanii anayevuma, video ikanyamazishwa. La pili lilituuma, kwa sababu tulidhani tumeshajifunza. Wifi alitafuta "muziki wa bure" akaupata, akauweka. Wiki haikuisha, likaja onyo la pili kati ya matatu, na la tatu likija, ukurasa unafungwa na haufunguliwi tena.

Tukaenda kwa Tanvir. Huyu ana duka la madaftari na fotokopi karibu na stendi. Kwao ni Shinyanga mjini, familia yao iko pale toka enzi za pamba, na Kisukuma chake kinanishinda mimi niliyezaliwa nacho. Naye anarusha video zake za kutengeneza mashine za fotokopi, kwa hiyo mambo ya haki za muziki anayajua.

"Dada Loveness, huu muziki umeutoa wapi?"

"Umeandikwa bure, Tanvir. Si unaona? Bure, tena kwa herufi kubwa."

"Bure kusikiliza. Hata redio yangu hapa dukani unaisikiliza bure. Ukiibeba ukaondoka nayo je?"

"Nitakuwa nimebeba redio. Sijabeba wimbo."

"Haya, safari hii umebeba wimbo."

Alicheka, lakini alituwekea viti. Akatuonyesha kurasa ambazo watunzi wenyewe huweka muziki wao pamoja na masharti, akatufundisha kusoma yale maandishi madogo ya chini ambayo sisi tulikuwa tunayaruka. Kuna mtunzi anayetaka utaje jina lake. Kuna anayekataza kwenye biashara. "Na wewe unauza michembe, usiniambie unafundisha mapishi." Kuna wanaouza leseni, unapewa karatasi yako unaitunza. Mwisho tukapata muziki mmoja wa kinanda ulioruhusiwa kabisa, hata kwa biashara, mradi umtaje mtunzi. Wifi akamtaja, jina refu, nikaliandika mimi herufi kwa herufi.

Onyo halikuja, ila watazamaji nao walianza kupotea. Mmoja aliandika, "Mbona kama niko benki nasubiri namba yangu iitwe?" Mwingine akauliza, "Mama wa kovu kafariki? Maana huu muziki ni wa msiba." Maagizo ya wiki ile yalikuwa mawili. Wifi aliyasoma yale maneno, akafunga simu, akakaa kwenye jabali na kisu mkononi bila kukata kitu.

"Wifi," akaniambia, "mikono yangu haifanyi kazi kwa kinanda. Unaona inavyohangaika? Inataka kitu cha kugonga." Kisha akasema, kama anayejiuliza mwenyewe, "Klara bado yupo kule?"

Klara ni mke wa Amosi. Kule Namba Tisa alikuwa anaponda mawe kwa nyundo, na akiponda anaimba. Wifi alisema wachimbaji walikuwa wanakula polepole ili wamsikilize.

Tulikwenda asubuhi kwa bodaboda, mwendo wa saa moja na nusu. Dhahabu ilishaisha Namba Tisa na watu wamehama. Pamebaki vijiti vya mahema, maturubai yaliyochanika, viatu vya mguu mmoja mmoja, na mashimo. Jua lilikuwa kali, lakini ukipita karibu na duara unasikia ubaridi kwenye vifundo vya miguu, kama mtu kafungua mlango. Dereva alizima pikipiki mbali akasema anasubiri hapo hapo, yeye hapendi kukanyaga huko.

Klara alikuwa amekaa chini ya kivuli cha turubai, pembeni ya duara lililofunikwa kwa magogo na bati. Lilikuwa ni lile lile duara lililomfukia Amosi.

"Mwangaluka, mayu," wifi akamwamkia mama yule kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mama Sahani! Umenenepa. Huko uliko hawakufanyishi kazi?"

"Nafanya kazi ya kukaa kwenye simu, mayu."

"Na wanakulipa kwa kukaa? Niandikishe na mimi."

Nilimpa shikamoo, akaniitikia, akamshika Nelly mguu. Hakuonekana mtu wa kuchanganyikiwa kama tulivyosikia. Kanga yake ilikuwa safi. Wifi akamweleza: tunaomba wimbo, tutaurekodi, tutauweka kwenye video, na tutaandika makubaliano ili kesho na keshokutwa asije mtu akasema tumeiba. Klara akasema hana shida, akachukua nyundo.

Nilishika simu mimi. Aliimba kwa Kisukuma mstari mfupi unaoteremka, akanyamaza, akagonga jiwe mara mbili, akaimba mwingine. Nilidhani vile vituo ni vya kuvuta pumzi. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea vumbi, kavu kidogo, nzuri. Kwenye kila kituo Nelly aligeuza kichwa chake mgongoni mwangu kuelekea lile bati. Nilidhani ni kenge.

Siku iliyofuata tulikuwa dukani kwa Tanvir kuchapa fomu ya makubaliano. Ilikuwa na mistari ya kujaza: mtunzi wa wimbo, mwimbaji, aliyerekodi, wimbo utatumika wapi, kwa muda gani, mwenye wimbo anapata nini. Na mmoja: majina ya wote wanaosikika. Tanvir akavaa hedifoni zake asikilize kama sauti imetoka safi. Akasikiliza. Akarudisha nyuma. Akasikiliza tena, halafu akatuangalia.

"Na huyu mwanaume ni nani?"

"Mwanaume gani?"

Akamvisha wifi zile hedifoni. Nilimwona wifi akishika ukingo wa meza. Baadaye akanipa mimi.

Kwenye vile vituo alivyonyamaza Klara kulikuwa na sauti ya mwanaume, nzito, ya mbali, kama mtu anayeimba ndani ya pipa. Nilijiambia ni mwangwi. Lakini mwangwi hurudia maneno uliyoyasema, na huyu maneno yake yalikuwa mengine. Yeye alikuwa anauliza. Klara ndiye aliyekuwa anajibu.

"Dereva wenu wa bodaboda?" Tanvir akauliza.

"Alikuwa mbali, anakula karanga," nikasema.

Wifi akaisogeza simu mbele ya Tanvir. Kisha akasema kwa sauti ya kazi, ile anayoitumia akikosea chumvi, "Mtoe. Si una mashine ya kutenganisha sauti? Mtoe, tubaki na Klara."

Tanvir akajaribu, tukakaa kumtazama. Alipoitoa ile sauti nzito, mlio wa nyundo nao ukapotea, wakati nyundo ilikuwa mkononi mwa Klara na mimi niliiona. Ilibaki sauti ya Klara peke yake, na ilivyobaki peke yake haikuwa tena wimbo. Ilikuwa kama kumsikiliza mtu anayeongea na simu. Tanvir akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, akavua hedifoni, akazifuta kwa kitambaa.

"Sitaigusa tena. Na kisheria pia haikusaidii, dada. Huyo ni mwimbaji, anasikika. Ukimficha, ndugu zake wakimsikia wakaja na madai, hilo ni onyo lako la tatu. Nendeni mkamuulize huyo mama ni nani, mjaze jina."

Tukarudi Namba Tisa keshokutwa yake. Wifi hakuanza kwa maneno, alimwekea Klara simu sikioni. Klara alisikiliza wimbo wote, nyundo iko mapajani. Ulipokwisha aliangalia mikono yake, akauliza kwa sauti ndogo sana:

"Mmemsikia na nyie?"

Wifi akaitikia kwa kichwa.

"Miaka sita," Klara akasema. "Miaka sita ndugu zangu wanataka kunipeleka hospitali ya Kolandoto nikapimwe kichwa. Kumbe hata simu inamsikia."

Akatueleza. Wimbo si wake, ni wa Amosi. Kabla ya mambo ya dhahabu, Amosi alikuwa ningi, mtunzi na mwimbishaji wa kundi la kulima huko kwao. Anauliza, kundi linajibu. Walipohamia machimboni kundi likabaki yeye na mkewe. Yeye chini, mke juu, kamba katikati. Amosi aliimba akichimba, na Klara alijua kwamba mumewe yu mzima kwa sababu alikuwa anauliza, na Amosi alijua mkewe hajaondoka kwa sababu alikuwa anajibu.

"Mimi ni kiitikio tu, Mama Sahani. Sina wimbo wa kukupa."

Wifi akamwonyesha fomu, akamweleza taratibu kama Tanvir alivyotueleza: mtunzi akiwa hai anasaini mwenyewe, akiwa amefariki mjane wake anaruhusu kwa niaba yake. Kwa hiyo pale kwenye mtunzi tutaandika "marehemu Amosi", na Klara ataweka dole gumba.

"Usiandike hilo neno."

"Mayu, hata kwenye orodha ya kijiji ya waliokufa yumo. Na siku ile mimi ndiye niliyepika."

"Ulipika," Klara akasema. "Hukushuka."

 Hata matanga hakuwa amewekewa Amosi, Klara aliwafukuza watu na vyungu vyao. Wifi alinivuta pembeni, nyuma ya turubai. Uso wake ulikuwa umebadilika, nilimwona kama alivyokuwa siku aliporudi na masufuria yake.

"Andika tu, wifi," akaninong'oneza. "Hasomi. Andika hilo neno, aweke dole, tuondoke."

Nikaandika. Nasema ukweli, niliandika, na mwandiko wangu haukutetemeka. Darasa la saba nilisifiwa kwa mwandiko. Nikampelekea Klara karatasi na kidau cha wino, naye akanyoosha dole gumba bila kuuliza, kama mtoto anayenyoosha mkono aoshwe. Kidole kilikuwa kimebakiza inchi moja kufika, wifi akaipokonya ile karatasi.

"Ngoja, mayu. Nimekuandikia lile neno ulilolikataa."

"Wewe umeandika?"

"Kaandika yeye, nimemtuma mimi."

Klara akatuangalia mmoja mmoja. Halafu akacheka, cheko fupi. "Angalau mdomo wako bado unafanya kazi. Nilidhani simu imekula."

Wifi akakaa chini kwenye vumbi. Alilia kidogo, akajifuta kwa upande wa kanga. Akasema haya mambo ya wimbo yaishe, atarudi machimboni kupika, si alishazoea. Klara akamwacha mpaka alipomaliza.

"Kundi la Amosi lilikuwa na utaratibu wake," akasema. "Ukitaka wimbo wa ningi, husemi mengi. Unakwenda na jembe lako, unalaza mpini pembeni yake, unamtajia jina lako na unautaka wa nini. Basi. Unalima naye mstari wake, yeye anaimba. Asipotaka kukupa, ataimba mpaka jua lizame na wewe utarudi nyumbani na mgongo unauma. Akitaka, ananyamaza katikati. Ukimaliza mstari, wimbo ni wako. Na yeye hauimbi tena."

"Hauimbi tena?"

"Tena kabisa. Umeshakuwa wa mwingine, yeye ataimbaje?"

Wifi akaelewa, na mimi nikaelewa. Akamtazama Klara. "Mayu, sasa akinyamaza wewe itakuwaje?"

 Klara alipapasa mpini wa nyundo. "Nikienda kuchota maji ananiuliza. Nikilala ananiuliza. Mtoto wa dada yangu aliolewa sikwenda, nani angejibu? Nimechoka kuitikia, Mama Sahani. Lakini siwezi kuwa mimi wa kumwambia anyamaze. Mwombe wewe. Akikataa, basi kakataa."

Akatoa masharti mawili. Kwanza, debe la michembe kila kiangazi. Pili, iandikwe kwenye karatasi kwamba ile sauti ya pili, ya Amosi, isitolewe kwenye wimbo. "Akininyamazia hapa, nimsikie kwenye simu zenu." Nikaandika yote mawili kwenye karatasi mpya. Pale kwenye mtunzi nikaacha wazi.

Jembe hatukuwa nalo. Klara akatoa nyundo ya pili, ya Amosi, mpini wake umelainika. Wifi akailaza juu ya bati, akataja jina lake kamili na jina la baba yake. Akasema anautaka wimbo kwa ajili ya video za michembe, ili mikono yake ipate kitu cha kufuata, na ili asirudi kupikia watu wanaoshuka. Nilidhani nitaona aibu kumsikia akiongea na bati. Sikuona.

Wakaanza kuponda, wawili, Klara akiimba kiitikio chake na kungoja, akiimba na kungoja. Mimi nilikaa kivulini namnyonyesha Nelly, simu imewekwa juu ya jiwe inarekodi. Kwenye kila kituo Nelly aliacha ziwa, akatulia, macho kwenye bati. Klara akianza kuimba, anarudi kunyonya. Mimi sikusikia lolote isipokuwa nyundo. Kulikuwa na kipande cha mfuko wa nailoni kilichonasa ukingoni mwa bati, kinapepea kwa ule ubaridi unaotoka chini. Upepo mwingine haukuwepo, hata majani ya mkonge yalikuwa yametulia.

Sijui zilipita saa ngapi. Wifi alikuwa ametoka malengelenge. Klara aliimba mstari wake, akangoja. Akagonga mara mbili, akangoja. Nelly hakuacha ziwa. Nikatazama ukingoni, na kile kipande cha nailoni kilikuwa kimelala.

Klara alinyanyua kichwa. "Ameacha," akasema.

Wifi akaendelea kuponda mpaka rundo lake likaisha, kama alivyoambiwa. Kisha palikuwa na ukimya ambao sijawahi kuusikia pale. Mpaka dereva wa bodaboda kule mbali alisimama, akawa anatazama huku na huku.

"Sasa andika lile neno," Klara akaniambia. "Uliandike nikikuona."

Nikaliandika polepole, nikimtajia kila herufi, m, a, r, mpaka mwisho. Akaweka dole lake. Wifi akasaini, nami nikasaini kama shahidi, kwa kile nilichokiona kwa macho yangu, yaani dole la Klara. Klara akaingia ndani ya turubai akatoka na chungu, mkeka na nyundo zote mbili. Hakuaga mtu. Tukaita pikipiki ya pili, tukaondoka naye.

Kwa Tanvir tulimweka Klara kwenye benchi, akapewa soda. Tanvir akasoma makubaliano mstari kwa mstari, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akafungua ile rekodi ya kwanza ili aitayarishe kwa video. Nikamwona anakunja uso. Akafungua nakala aliyokuwa ameihifadhi kwenye kompyuta. Akafungua na ya leo.

"Hayupo," akasema.

"Umemtoa?"

"Dada, nilishakuambia sitaigusa."

Tukasikiliza kwa spika kubwa, wote. Klara aliimba, akanyamaza. Nyundo, mara mbili. Nafasi tupu. Klara akaimba tena. Kwenye zote ilikuwa hivyo hivyo, nafasi tupu zenye ukubwa ule ule, kama meno yaliyong'oka.

Wifi alichukua karatasi ya makubaliano, yenye dole la Klara. Akakitafuta kile kipengele kwa kidole, akakisoma kwa sauti: sauti ya pili isitolewe kwenye wimbo. Akaikunja. "Basi sirushi. Nimesaini kitu ambacho siwezi kukitimiza. Mayu, nisamehe. Karatasi yako hii hapa."

Klara hakuipokea. Alikuwa anatazama spika, na kwenye kila nafasi tupu midomo yake ilijiandaa, kisha ikalegea. Alinywa soda yake mpaka chini.

"Nyie hamkumtoa," akasema. "Katoka mwenyewe. Rusha."

Matanga ya Amosi yaliwekwa wiki ile nyumbani kwetu, miaka sita baada ya siku yake, na ndugu wa Klara walikuja na vyungu vyao tena. Video ilirushwa Jumatatu. Chini yake niliandika: Mtunzi, marehemu Amosi. Mwimbaji, Klara. Kwa ruhusa ya maandishi. Onyo la tatu halijaja mpaka leo, na karatasi iko ndani ya bahasha ya plastiki, imetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda cha wifi. Mikono yake sasa inakata kwa mpigo wa nyundo, na inatulia Klara akitulia. Maagizo yamerudi, hata yule wa Muscat. Wanaosikiliza huandika maneno mengi, lakini wengi wanauliza jambo moja: huyu mama anayeimba, mbona anasimama simama, anamngoja nani? Wifi anajibu kila swali kuhusu michembe. Hilo halijibu.

Klara anaishi nasi na anakata michembe nyembamba kuliko sisi wote. Analala, anaenda kuchota maji, Jumapili anaenda kanisani.

Juzi, saa sita mchana, tulikuwa kwenye jabali tunageuza, simu imewekwa kwenye kikapu inacheza wimbo. Nelly alikuwa amekaa kwenye mkeka na kiazi mkononi. Ana mwaka na miezi mitatu, anajua kusema mama, na maji, na hapana. Klara wa kwenye simu aliimba, akanyamaza. Nyundo ikagonga mara mbili. Kwenye ile nafasi tupu mwanangu akavuma mstari wa Amosi, mzima, unavyopanda na unavyoteremka, chini kabisa kwenye kifua chake kidogo, akakomea pale pale Klara anapoingilia.

Kisu cha Klara kilisimama. Hakugeuka. Alingoja kidogo, halafu akajibu, kwa sauti yake kavu, pamoja na ile ya kwenye simu.

Nelly akacheka, akauma kiazi. Na mimi, mama, nimesikia mtoto wangu anaimba kwa mara ya kwanza, nikanyoosha mkono kwenye kikapu kuchukua simu. Wifi alikuwa ameshaweka mkono wake juu yake, ule wenye kovu, umelowa maji ya viazi.

"Hapana, wifi," akasema taratibu. "Usimrekodi."